Hasira za Mwalimu wa Baiolojia

Ukimwamkia Mwalimu wa Baiolojia alikuitikia marahaba, na kabla hujashusha pumzi alikuwa ameshakuuliza, "Unasoma nini siku hizi?" Aliuliza hivyo sokoni, kwenye foleni ya zahanati, hata msibani, mkiwa mmekaa kwenye mkeka na chai mkononi. Ukijibu kwamba husomi kitu, alikutazama kama mtu aliyekukuta umemwacha mtoto mchanga barabarani. Ukijibu kwamba unasoma, ulikuwa umejitia matatani zaidi, maana ilibidi useme umefika wapi, nani humo ndani amekukera, na ungekuwa wewe ungefanyaje. Kulikuwa na neno moja asilotaka kulisikia.

"Kizuri? Kizuri maana yake nini? Hata chai ni nzuri!"

Nilimfahamu kwa miaka mingi, tangu Manyara ilipokuwa mkoa mpya na Babati ikajaa wageni wenye mabegi na mafaili wakitafuta vyumba vya kupanga. Mimi nilikuwa mmoja wa wageni hao, ila mzigo wangu ulikuwa cherehani. Nilitoka Kondoa, nikafungua kibanda cha kushona karibu na stendi. Yeye hakuwa mwenyeji wa hapo pia, alikuwa mtu wa Bukoba, lakini alikuwa ameshafundisha Babati miaka mingi kiasi kwamba nusu ya makonda wa mabasi walimwita Mwalimu huku wakificha sigara. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti ya darasani hakuivua hata akiwa anachagua nyanya.

Siku ya kwanza aliniletea sketi ya kupanua kiunoni. Nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, cherehani imesimama.

"Wewe ni mama nani?"

"Mama Hafsa."

"Mama Hafsa, kitu gani kinakunyima usingizi?"

Nilidhani anauza dawa. Lakini alivyouliza, kwa ukali, kama vile kukosa usingizi ni kosa la kinidhamu, nilijikuta nimemwambia ukweli. Mama yangu alikuwa amefariki Kondoa, na mimi nilifika wameshazika. Mwalimu hakusema pole. Aliondoka, akarudi kesho yake na kitabu cha Kiingereza ambacho nisingeweza kukisoma, akakaa kwenye benchi la wateja na kuanza kukisoma kwa Kiswahili, akigeuza sentensi moja baada ya nyingine mdomoni mwake. Kilikuwa kinahusu mwanamke anayezungumza kwa redio na binti yake aliyehamia sayari ya mbali, kila neno likichukua miaka kufika, kiasi kwamba wanapojibizana kila mmoja anamjibu mtu ambaye mwenzake ameshaacha kuwa. Nililia nikiwa nimeshika sketi yake. Hakuninyamazisha. Alisubiri nimalize, kisha akauliza, "Haya. Huyo binti angerudi au asingerudi?"

Nikasema angerudi.

"Arudi kwa chombo gani? Umesikiliza kweli wewe?"

Ndivyo tulivyoanza, kwa kugombezwa.

Alipenda riwaya za sayansi ya kubuni kuliko kitu chochote, na hilo lilikuwa chanzo cha hasira zake nyingi, kwa sababu karibu zote alizokuwa nazo zilikuwa za Kiingereza. Jambo hili lilimuudhi kama tusi. "Nani amesema roketi haielewi Kiswahili?" alikuwa akiuliza, na ukicheka anakugeukia wewe. Kwa hiyo alizisimulia. Alitusimulia ile ya mashine iliyopewa kazi ya kupima mvua, ikaanza kuihurumia nchi na kudanganya vipimo. Alitusimulia ile ya watu waliohama na mbegu zao mpaka kwenye udongo wa sayari nyingine, mbegu zikakataa kuota, wakagawanyika kati ya waliotaka kuubadili udongo na waliotaka kujibadili wao. Hii ya mbegu tuliigombania miezi. Wakulima wa kijiji cha Mutuka waliokuja kushona sare za watoto walisimama kwenye kibanda changu na kuingilia kati, wengine wakiwa wamekasirika kweli kweli, kwamba hao watu walipanda bila kuusikiliza udongo, na wakapata walichostahili.

"Unaona?" Mwalimu aliniambia, mmoja wao alipokwisha kuondoka. "Huyu hakusema kizuri wala kibaya. Ameingia shambani."

Jumamosi alasiri baraza lilihamia kwenye duka la vipuri. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mzee wa Vipuri, alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, mpole, mwenye kofia safi, na alisoma riwaya za upelelezi tu. Yeye na Mwalimu walibishana kwa sauti ya juu hata wapita njia wakadhani kuna mtu ameuziwa pampu mbovu.

"Mwalimu, kwenye vitabu vyangu mtu anakufa ukurasa wa kwanza. Unajua uko kazini."

"Na ukishajua aliyemuua?"

"Nalala."

"Ndiyo shida yako! Kitabu kinachokulaza cha nini? Kanunue godoro!"

Mzee wa Vipuri alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa amesoma alichopewa, na alikuja na maswali makali kuliko ya wote, kwa upole ule ule. Nadhani ndiye mtu pekee aliyewahi kumfanya Mwalimu anyamaze akifikiri.

Ukimtazama vizuri, Mwalimu alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alifundisha watoto kwamba bundi ni ndege kama kuku, lakini bundi akilia Nakwa alikokuwa akiishi, kwenye mti wa jirani yake, kesho yake alikuja kazini amenuna. Ukikunja kona ya ukurasa alikufokea mbele ya watu, huku yeye mwenyewe akijaza pembezoni kwa kalamu nyekundu, akigombana na waandishi: "Uongo!" "Damu haigandi hivyo!" "Kwa nini wanawake wote humu wanapika tu?" Riwaya za mapenzi aliziita uji. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba yake ameinamia moja, macho yamevimba, akaniambia ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Kanisani pia hakukaa sawa. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba hadithi za viumbe wa sayari nyingine ni kumkejeli Muumba, na kila mtu akajua anasemwa nani. Mwalimu alikaa mpaka mwisho, akaimba wimbo wa kufunga kwa sauti yake yote, kisha akamsubiri mlangoni wakati watu wakipeana mikono.

"Mchungaji, Mungu aliyeishia Babati ni mdogo sana," alimwambia. "Wa kwangu ana kazi nyingi."

Aliendelea kwenda kanisa lile lile na kukaa benchi lile lile.

Sasa nifike kwenye chumba, ambacho kila nikikikumbuka nakanyaga cherehani mpaka uzi unakatika, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Pembeni ya ukumbi mmoja wa zamani hapo mjini palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja. Kabla ya mkoa kuja, wakubwa wa wakati huo walimruhusu Mwalimu akitumie. Yeye na wanafunzi wake walikipaka chokaa, wakapiga rafu za mbao, wakavipanga vitabu. Vingine alivinunua, vingine aliviomba kwa watu waliohama, vingine vilitoka kwenye masanduku ya wamisionari wazee. Jioni palikuwa na watu humo: vijana wa stendi, manesi, mwuza samaki mmoja kutoka ziwani ambaye alisomewa na mkewe. Hapakuwa na mahali pengine mjini pa kwenda kukaa bila kununua kitu.

Mkoa ulipokuja, kila ukuta wenye paa ulitafutwa uwe ofisi. Hilo nalielewa. Walikuja watu, mafaili yakaja, lazima vikae mahali. Ila kuna namna ya kufanya jambo.

Ilikuwa masika. Kijana wa stendi alikuja mbio kibandani: "Mama Hafsa, vitabu vya Mwalimu wamevitoa nje!" Nilichukua turubai la kufunikia cherehani nikakimbia. Walikuwa wamevimwaga barazani, upande wa ule mfereji wa paa uliotoboka, na maji yalikuwa yanashuka juu yake kama bomba. Kufuli jipya lilikuwa limeshatiwa mlangoni. Mwalimu alikuwa ametokea darasani na chaki bado mikononi, na alikuwa anamwangalia Afisa, mwanamume mnene wa makamo mwenye mwavuli. Ofisi yake siitaji, maana waliomo leo hawana habari na hayo.

"Mngeniambia nije nivichukue," Mwalimu alisema. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa chini.

"Tulituma mtu."

"Mtu gani?"

Afisa alihamishia mwavuli mkono wa pili. Alisema, "Mwalimu, hivi si vitabu vya kiada. Ni hadithi. Sisi hapa tunajenga mkoa."

"Mkoa huu, kabla haujatangazwa, ulikuwa wapi?"

"Haukuwepo."

"Ulikuwa kwenye vichwa vya watu! Watu walikaa wakawaza kitu ambacho hakipo, wakakisema, wakachekwa, wakakisema tena, mpaka ukapewa kiti na mwavuli. Kazi hiyo hiyo ndiyo wanayoifanya waandishi hawa." Alionyesha lile lundo linalolowa. "Na wewe umewatupa kwenye maji."

Afisa akatazama pembeni, akatabasamu kidogo kwa wale vijana wake, akasema, "Mwalimu, punguza jazba."

Punguza jazba. Nimeishi nikisikia maneno mengi mabaya, mengine yamesemwa juu ya mama yangu, lakini hayo mawili ndiyo yaliyobaki kifuani. Mtu anakuvunjia nyumba, halafu anakukosoa jinsi unavyolia.

Mwalimu alijifuta chaki kwenye sketi. Aliinama, akaanza kuviokota. Mzee wa Vipuri alikuja na mkokoteni wa duka, kofia yake imelowa imemganda kichwani, na hakumsalimia Afisa, yeye ambaye alimsalimia kila mtu. Tulivipeleka kibandani kwangu. Siku zilizofuata sikushona nguo ya mtu. Niliwasha pasi ya mkaa nikapiga pasi kurasa, moja moja, nikiweka kitambaa juu, na kibanda kikanuka karatasi mbichi na moshi. Nyingine ziliungua kidogo pembeni, na Mwalimu alinifokea kwa kila iliyoungua, na mimi nikamfokea kwamba mimi ni fundi nguo, siyo fundi vitabu, akashike yeye pasi. Akashika. Akaunguza nyingi kuliko mimi. Halafu Mzee wa Vipuri, aliyekuwa anatundika vitabu kwenye kamba yangu ya nguo, akasema, "Hiki cha mbegu kimeota ukungu. Walau kwenye kurasa mbegu zimeshika." Mwalimu alicheka kwa hasira, machozi yakitiririka, nisijue lipi ni lipi.

Vingi vilikufa. Vilivyopona alivisambaza. Alivipeleka kinyozi, zahanati, kwenye kijiwe cha kahawa, na nyumba moja moja, na kila aliyepokea alijua kwamba siku yoyote Mwalimu anaweza kutokea na kumuuliza amefika wapi kwenye kitabu. Alikwenda ofisi hii na ile kuomba chumba kingine. Alipewa kiti, alipewa soda, aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Na chumba kile? Ile ofisi haikukaa humo hata masika yaliyofuata. Walipata jengo bora wakahama, na humo wakarundika viti vilivyovunjika. Nilipita mara nyingi nikachungulia dirishani. Viti, vumbi, na kwenye ukuta ile mistari ya chokaa palipokuwa na rafu. Mwalimu akaomba arudishiwe. Akajibiwa kwamba hicho sasa ni stoo ya serikali.

Watu husema hasira humla mwenye nayo. Sikuona hivyo kwake. Alifundisha mpaka siku ya kustaafu, na vijana waliopita mikononi mwake wako hospitali kubwa na maabara, na kila mmoja atakwambia kitabu alichokabidhiwa na ugomvi uliofuata. Mimi ndiye niliyeliwa. Nilikuwa nikikutana na Afisa mjini, ananipungia mkono, nami nageuza uso kama nimeona kitu kwenye duka la ng'ambo.

Baada ya kustaafu Mwalimu alihamia Mutuka, kwenye kashamba kake, na huko presha ya macho ikamchukulia nuru. Jicho moja lilikwenda kwanza, halafu la pili. Mzee wa Vipuri alikuwa ameshafariki. Nikabaki mimi. Kila nilipopata nafasi nilipanda bodaboda nikaenda kumsomea. Nilikuwa nimesoma Kiingereza ukubwani, cha kuungaunga, nikawa namtafsiria yeye kama yeye alivyonitafsiria mimi. Alikuwa amepungua mwili. Akisema jambo niliitikia. Akisema mhusika fulani ni shujaa, nilisema ndiyo Mwalimu, kweli kabisa.

Safari ya kabla ya ile ya mwisho niliyomwona, tulikuwa sebuleni kwake mchana, nasoma riwaya ya nahodha anayewaacha nusu ya abiria wake kwenye mwezi wenye barafu ili nusu nyingine wafike. Mwalimu alimpenda huyo nahodha. Mtu akabisha hodi.

Alikuwa Afisa. Amekonda, ameshika fimbo, shati limepigwa pasi vibaya, mikunjo miwili kwenye kila mkono. Mimi macho yalinitoka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Jogoo akalia nje. Afisa alikuwa bado mlangoni, na mimi ndiye mwenye macho na miguu ya kumpa kiti, na sikuinuka.

"Mwalimu, mama watoto alifariki mwaka jana. Watoto wako Dodoma na Mwanza. Nyumba iko kimya mno. Redio naifungulia tu isikike. Nimeambiwa..." Alikohoa. "Nimeambiwa wewe unajua mtu asome nini."

Nilisimama. "Una uso gani wewe wa kuja hapa? Umesahau mvua ile?"

"Sijasahau," alisema.

"Mama Hafsa, kaa chini," Mwalimu alisema. "Hasira hiyo ni yangu, sijakukodishia."

Akainuka mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka kwenye rafu, akapitisha vidole kwenye migongo ya vitabu, akachomoa kimoja kilichovimba kama mkate. Akakishika kifuani.

"Hiki kililoa barazani kwako. Kurasa nyingine zimeshikana, utazibandua kwa subira. Ni cha mwanamume aliyebaki peke yake kwenye kituo cha angani. Kitabu nakupa. Msamaha sikupi. Usichanganye."

"Sitachanganya."

"Ukimaliza uje uniambie alichokosea. Usipokuja nitakuja mimi. Nami sioni, kwa hiyo nitaongozwa na watu, na njia nzima nitawaeleza naenda kwa nani na kwa sababu gani."

Afisa alikipokea kwa mikono miwili. "Nitakuja, Mwalimu." Akatoka, tukasikia fimbo yake kwenye kokoto mpaka ikapotea.

Nilikuwa nimefura. Nilimwambia mambo mengi: kwamba amejidhalilisha, kwamba Mzee wa Vipuri angeona asingeamini, kwamba watu kama yule hawastahili hata gazeti la jana. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye rafu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Mama Hafsa, mimi nataka mtu wa kugombana naye. Mzee wangu amekufa. Wewe tangu macho yangu yaende hujanibishia hata neno moja. Kila nikisema, ndiyo Mwalimu. Ndiyo Mwalimu. Unanisomea kama unamlisha mgonjwa uji." Sauti ilikuwa inapanda, ile ya darasani. "Yule nimemchukia miaka yote hii, angalau nikimwambia jambo hatanikubalia ili kunifurahisha tu. Wewe unanionea huruma. Ndani ya nyumba yangu!"

Nilikaa. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilichukua kitabu, nikatafuta tulipoishia.

"Basi nikwambie," nilisema. "Huyo nahodha wako ni mwoga. Tangu mwanzo ni mwoga. Aliwaacha wale watu kwa sababu walikuwa wanamuuliza maswali, na hayo mambo ya mafuta kutotosha kayatunga."

"Kayatunga?" Mwalimu alipiga rafu kwa kiganja, vumbi likaruka. "Kayatunga! Soma huo ukurasa tena. Soma kwa sauti, neno kwa neno, halafu unionyeshe wapi!"

Nikasoma, na yeye akavuta kiti kwa mguu mpaka magoti yetu yakagusana, asije akapitwa na neno.